Mzigo wa Neno "Asili": Dhambi, Neema na Tabia ya Binadamu katika Kiswahili cha Kanisa

Katika mtihani mmoja wa fasihi niliousahihisha miaka michache iliyopita, wanafunzi waliulizwa waeleze chanzo cha maangamizi ya Rosa, mhusika mkuu wa riwaya ya Euphrase Kezilahabi, Rosa Mistika, iliyotolewa mwaka 1971. Wengi walitoa jibu lililozoeleka, yaani malezi. Wawili walijibu kwa istilahi ya kanisani: Rosa, walisema, aliangamizwa na "dhambi ya asili". Lakini maelezo yao yalitengana kama mbingu na ardhi. Wa kwanza alikusudia kwamba Rosa alizaliwa na ubovu ndani yake, na kwamba hata angalilelewa na malaika angalipotoka tu. Wa pili alikusudia kwamba asili, yaani mila na desturi za wazee wa Ukerewe, ndiyo iliyompa baba yake haki ya kumpiga kwa ajili ya barua ya mvulana. Kwake yeye dhambi ya asili ilikuwa dhambi ya mambo ya asili, kama vile tusemavyo ngoma za asili na dawa za asili. Nilizipitishia insha zote mbili wino mwekundu, nikaandika pembeni kwamba istilahi imetumiwa visivyo.

Baadaye nilijisuta. Vijana hawa hawakuwa wamekosea Kiswahili. Kila mmoja alilitumia neno "asili" katika maana ambayo msemaji yeyote wa lugha hii atamkubalia. Kama kuna kosa, basi liko katika istilahi yenyewe, ambayo tumeipokea kutoka katekisimu na mimbari bila ya kuikagua kama tunavyozikagua istilahi za sayansi na za sheria. Katika makala haya nakusudia kuikagua. Dai langu ni kwamba maneno ambayo kwayo Ukristo umefundishwa kwa Kiswahili hayakuwa vyombo vitupu vilivyongoja kujazwa. Yalikuja na fikira zake juu ya binadamu, na fikira hizo zimeendelea kubishana na mafundisho, mara nyingine kwa kuyapotosha, na mara nyingine, kama nitakavyojaribu kuonyesha, kwa kuyaeleza vizuri kuliko lugha za wale waliotuletea.

Johann Ludwig Krapf alifika Mombasa mwaka 1844, na miongoni mwa kazi zake za kwanza ilikuwa kutafsiri Kitabu cha Mwanzo. Mwaka 1847 jarida la American Oriental Society huko Marekani lilichapisha sura tatu za kwanza za tafsiri hiyo. Sura tatu hizo, kama ajuavyo msomaji, ndizo zenye habari za uumbaji, za bustani, za nyoka na za kufukuzwa. Yaani kisa cha kuanguka kwa Adamu ni miongoni mwa maandishi ya mwanzo kabisa ya Kiswahili kupigwa chapa kwa herufi za Kirumi. Sidai kwamba kuna maajabu hapo, maana mfasiri wa Biblia huanza mwanzo. Nakitaja kwa sababu kinatukumbusha kwamba swali la dhambi ya Adamu limekuwako katika Kiswahili kilichoandikwa kwa herufi hizi tangu siku yake ya kwanza.

Krapf, na baada yake Edward Steere huko Unguja, na hatimaye wale walioandaa toleo la mwaka 1952 tunaloliita Tafsiri ya Muungano, hawakuwa na haja ya kubuni maneno ya imani. Waliyakuta. Dhambi, toba, neema, rehema, asili, tabia, na hata binadamu, yote yana mizizi ya Kiarabu, na yote yalikuwa yamelelewa katika nyumba ya Kiislamu kwa karne nyingi kabla ya mmisionari wa kwanza kutia nanga. Sasa katika nyumba hiyo hapakuwa na fundisho la dhambi ya kurithi. Mafundisho ya Kiislamu yanakubali kwamba Adamu alikosa, lakini yanaongeza kwamba alitubu na toba yake ikapokewa. Mtoto huzaliwa katika maumbile safi yaitwayo fitra. Wala hakuna nafsi ibebayo mzigo wa nafsi nyingine. Neno "dhambi" lililotoka katika mafundisho hayo lina maana ya tendo ambalo mtu amelitenda, na ambalo yeye mwenyewe ataulizwa. Kusema kwamba mtoto mchanga ana dhambi ni kuliambia neno hilo lifanye kazi ambalo halikuwahi kuifanya. Twaweza kusema kwamba maneno haya yalibatizwa yakiwa watu wazima, na mtu mzima hasahau alikotoka kwa kumwagiwa maji.

Hapo ndipo neno "asili" lilipoingizwa kumsaidia mwenzake. Katika Kiswahili neno hili lina maana mbili zilizoshikana: mahali au wakati jambo lilipoanzia, na umbo la ndani la kitu, yaani jinsi kilivyo chenyewe. Twasema "asili ya mto huu ni mlima ule", na twasema "kwa asili yake mtu huyu ni mpole". Kilatini, lugha ambamo istilahi hii ilitungwa, kina maneno mawili: origo kwa mwanzo, na natura kwa umbile. Mtunzi wa istilahi alilichagua la kwanza kwa makusudi, na makusudi hayo yanafaa tuyaelewe.

Mtunzi huyo alikuwa Mwafrika. Augustino alizaliwa mwaka 354 huko Thagaste, katika nchi ambayo leo ni Algeria, akafa mwaka 430 akiwa askofu wa Hippo huku Wavandali wameuzingira mji wake. Istilahi ya dhambi ya asili, peccatum originale, twaipata kwake kwa mara ya kwanza katika majibu aliyomwandikia Simplicianus wa Milano mnamo mwaka 397. Kabla ya ubatizo wake Augustino alikuwa amekaa miaka tisa hivi miongoni mwa wafuasi wa Mani, waliofundisha kwamba uovu ni nguvu yenye kuwako kwake, na kwamba umechanganyika na mwili wa mtu tangu mwanzo. Alipowaacha, alishika jambo moja ambalo hakulilegeza tena hata alipozeeka: kila umbile, kwa kuwa limeumbwa na Mungu, ni jema. Uovu hauna umbile. Ni upungufu, kama ugonjwa wa jicho usivyo jicho lenyewe. Kwa hiyo aliposema kwamba wana wa Adamu huzaliwa na dhambi, ilimbidi aseme kwamba dhambi hiyo imetoka kwenye chimbuko lao, wala si kwamba ndiyo umbile lao. Tofauti hii ndiyo iliyomtenga na Mani. Julianus wa Eclanum, adui yake wa uzeeni, alilijua hilo vema. Shambulio lake kubwa lilikuwa kwamba askofu wa Hippo hajaacha kamwe kuwa mfuasi wa Mani, na Augustino alitumia miaka yake ya mwisho kulikanusha shambulio hilo.

Msomaji ameshaona tulipofika. Kiswahili kimeyatia maneno mawili katika chungu kimoja. Anayesikia "dhambi ya asili" bila ya kufundishwa zaidi, haoni sababu ya kutosikia "dhambi iliyo umbile la mtu". Wala si Waswahili peke yao walioteleza mahali hapa. Mwaka 1560, katika mdahalo uliofanyika Weimar, Mlutheri hodari Matthias Flacius Illyricus, akishindana na Victorinus Strigel, alifika mpaka kusema kwamba baada ya kuanguka, dhambi ya asili imekuwa kiini chenyewe cha mwanadamu. Alitaka kuitukuza neema kwa kumdidimiza mtu. Walutheri wenzake walishtuka, na katika Mwafaka wa mwaka 1577 wakaikataa kauli hiyo kwa hoja ambazo mpaka leo hazijachakaa: kama dhambi ndiyo umbile la mtu, basi Muumba wa umbile ndiye muumba wa dhambi, na Kristo aliyelitwaa umbile letu ameitwaa na dhambi pia. Mwanafunzi wangu wa kwanza, asiyewahi kumsikia Flacius, alikuwa ameongozwa na neno moja la Kiswahili mpaka kwenye kauli ile ile.

Mwanafunzi wa pili naye aliongozwa na neno hilo hilo, ila kwa njia iliyotoboka katika karne yetu ya ishirini. "Asili" imekuwa kivumishi cha kila kilichokuwa chetu kabla ya wageni: dini za asili, dawa za asili, majina ya asili. Wamisionari wengi, ingawa si wote, walivihesabu vitu hivi kuwa katika upande wa giza. Mtu aliyekatazwa ngoma ya asili Jumamosi, kisha Jumapili akafundishwa juu ya dhambi ya asili, angalikuwa na masikio ya ajabu asisikie kwamba mambo haya mawili ni ya ukoo mmoja. Sisemi kwamba watunzi wa katekisimu walikusudia hivyo. Nasema kwamba lugha haiulizi kusudi la mtu. Fundisho ambalo kwa Augustino lilimweka mfalme na mtumwa, Mrumi na Mwafrika, katika deni moja, lilikuwa na hatari ya kusikiwa na Mwafrika kama hukumu juu ya uasilia wake peke yake.

Ni jambo la kushangaza, basi, kwamba Tafsiri ya Muungano haikupita njia ya "asili" mahali ambapo ingetazamiwa zaidi. Katika Waraka kwa Waefeso, sura ya pili, Paulo anaposema kwamba sisi tulikuwa watu wa kupasiwa na ghadhabu kwa umbile, neno la Kiyunani ni phusis, na watafsiri waliweka "tabia". Kwa Kiarabu neno hili ni umbile. Kwa Kiswahili cha leo limehama: tabia ni mwenendo. Mwalimu huandika katika ripoti ya shule kwamba tabia ya mtoto imekuwa nzuri muhula huu. Mzazi humwambia mwanawe abadili tabia. Kilicho umbile hakibadiliki kwa muhula. Hivyo msomaji wa Kiswahili amewekwa kati ya istilahi mbili za jambo moja: katekisimu inamwambia neno zito kupita kiasi, na Biblia inamwambia neno jepesi kupita kiasi. Kwa la kwanza hana tumaini, na kwa la pili hana shida kubwa, maana akijitahidi kidogo atakuwa mtu mwema.

Hilo la pili, yaani kwamba mtu akijitahidi atakuwa mwema, ndilo lililokuwa fundisho la Pelagius, mtawa mwenye asili ya Uingereza (tazama jinsi ninavyolitumia neno hilo hilo) aliyefundisha Roma mpaka uvamizi wa Wagothi wa mwaka 410 ulipomkimbiza kwenda Afrika na kisha Palestina. Pelagius hakuwa mtu mlegevu kama anavyosimuliwa. Alichukizwa na Wakristo waliojificha nyuma ya udhaifu wa kibinadamu. Inasimuliwa na Augustino mwenyewe kwamba Pelagius alikasirika aliposikia ikisomwa sala moja katika Maungamo, ambayo humwomba Mungu ampe mtu uwezo wa kufanya kile anachomwamuru. Kwa Pelagius, sala hiyo ilikuwa kisingizio: kama Mungu ameamuru, basi uwezo ameshautoa. Adamu alijidhuru mwenyewe, na wanawe amewadhuru kwa mfano wake mbaya tu. Mtaguso wa Karthago wa mwaka 418 uliyakataa mafundisho hayo, lakini kukataliwa katika mtaguso si kufa.

Hakika kwetu yamo hai katika methali. "Samaki mkunje angali mbichi" na "Asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu" ni Upelagio mtupu: mtu ni udongo, na mfinyanzi ni malezi. Lakini katika kinywa cha mzee yule yule utasikia "Mtoto wa nyoka ni nyoka", na hapo Augustino angeitikia, pengine angeitikia mno. Sioni haja ya kuzipatanisha methali hizi. Mzee huchagua methali kwa kumtazama mtoto aliye mbele yake, na kama bado kuna wakati.

Zaidi ya methali, liko neno ambalo twalitamka kila siku bila ya kulisikia. Binadamu ni bin Adamu. Kwa Kilatini mtu ni homo, na ili kumfungamanisha na Adamu, Augustino ilimlazimu aegemee mstari mmoja wa Waraka kwa Warumi, sura ya tano, ambao tafsiri yake ya Kilatini iliufanya usomeke kwamba wote walitenda dhambi "ndani ya" yule mmoja. Erasmus katika karne ya kumi na sita aliutilia shaka usomaji huo, na wataalamu wengi wa Kiyunani leo wanakubali kwamba kiungo kile kina maana ya "kwa sababu". Tafsiri ya Muungano inasema hivyo hivyo, "kwa sababu". Kwa sarufi, basi, Biblia yetu haimuungi mkono Augustino. Lakini Mswahili hahitaji mstari ule. Kila atamkapo kwamba fulani ni binadamu, ameshamwingiza katika ukoo wa Adamu.

Na anamwingiza ili iweje? Hapa ndipo penye utajiri. Mtu akikosea husema, "Nami ni binadamu," na wenzake humwachilia. Mtu akiwa katili, husemwa kwamba hana ubinadamu. Jina moja, la baba mmoja aliyeanguka, limekuwa udhuru wa mkosaji na papo hapo kipimo cha wema. Kuwa mwana wa Adamu ni kuwa dhaifu, na ni kuwa na huruma. Na nionavyo mimi, lugha inadokeza kwamba la pili limetokana na la kwanza: anayejua kwamba yeye ni wa Adamu humwonea huruma mwenzake aliye wa Adamu. Sijui lugha ya Ulaya iliyofika hapo kwa neno moja. Nilipokuwa nikisoma ng'ambo, nilijaribu kumweleza mwalimu wangu jambo hili. Alinisikiliza kwa adabu, kisha akaniuliza kama si usadifu wa etimolojia. Labda. Lakini usadifu unaotumiwa na mamilioni ya watu kusameheana una haki ya kuchunguzwa.

Nigeukie neema, ambayo ni jibu la Kikristo kwa haya yote. Katika matumizi ya kawaida neema ni wingi wa riziki. Mwaka wa neema ni mwaka wa mvua na mavuno, na kinyume chake ni njaa. Fadhila anayopewa asiyestahili, ambayo ndiyo maana ya charis ya Paulo, imo ndani ya neno, kwa kuwa mvua haimnyeshei mtu kwa sifa zake. Lakini imo ndani sana, na mhubiri mvivu haifikii. Nani asiyejua mahubiri ambamo neema imerudi kuwa gari na nyumba? Wanaoyalaumu huyaita mageni, yaliyoletwa na wahubiri wa Marekani. Mbegu huenda ni ya kigeni. Udongo tulikuwa nao, na udongo huo ni maana ya kwanza ya neno.

Kinyume chake, "bure" ni neno lililotupendelea. Kwa Kiswahili kitu cha bure ni kisicholipiwa, na kazi ya bure ni isiyozaa tunda. Wageni hulalamika kwamba neno hili linawachanganya. Basi na watazame Paulo. Katika sura ya tatu ya Warumi anasema kwamba watu huhesabiwa haki dōrean, bila ya malipo. Na mwishoni mwa sura ya pili ya Wagalatia anasema kwamba, kama sheria ingeweza kuleta haki, kifo cha Kristo kingekuwa dōrean, kisicho na faida. Ni neno lile lile la Kiyunani. Kiingereza cha Biblia ya mwaka 1611 kimelitenganisha kwa maneno mawili, na msomaji wake haoni tena kwamba Paulo anacheza na makali mawili ya kisu kimoja: ama neema ni bure, ama kifo kilikuwa bure. Tafsiri ya Muungano ina "bure" mahali pote pawili. Sijui kama watafsiri walilikusudia hilo au lugha ndiyo iliyowaongoza kwa mkono. Vyovyote iwavyo, hapa Mswahili yuko karibu na Paulo kuliko Mwingereza.

Limebaki neno moja ambalo wanaisimu watalipenda. Uamsho ulioanzia Gahini, Rwanda, katika miaka ya 1930, ukaenea Uganda, Kenya na Tanganyika, ulizoesha masikio ya Afrika Mashariki kwa ushuhuda wa mtu anayesimama na kutaja dhambi zake hadharani. Katika Kiswahili cha Kenya ushuhuda huo umejikusanya katika kitenzi kimoja: "Nimeokoka." Kwa nini si "nimeokolewa"? Kauli ya kutendwa ingemtaka mtenda: nimeokolewa na fulani. Kauli ya kutendeka haimkubali. Twasema "kikombe kimevunjika", wala hatusemi "kikombe kimevunjika na mtoto". Wenye kushika mafundisho ya Augustino wangeweza kulalamika, na nimewasikia mapadre wakilalamika, kwamba aliyeokoka amemfuta Mwokozi kwa kiambishi kimoja. Kwamba kinyambuo -k- kimefanya kazi ambayo Pelagius hakuiweza.

Lawama hiyo naiona ya haraka. Kutendeka si kutenda. Kikombe kilichovunjika hakikujivunja. Anayesema ameokoka hadai kwamba amejiokoa. Kwa hilo angesema "nimejiokoa", na hakuna asemaye hivyo. Anaeleza hali aliyojikuta ndani yake, kama abiria aliyeokoka katika ajali asivyoweza kueleza ni nani aliyemtoa. Mtaguso wa pili wa Orange, huko Ufaransa, uliamua mwaka 529 kwamba hata mwanzo wa imani, hata ile hamu ya kwanza ya kutaka kuponywa, ni kazi ya neema iliyomtangulia mtu. Kauli ya kutendeka inalieleza fumbo hilo vema kuliko zile mbili nyingine: kauli ya kutenda ingempa mtu sifa isiyo yake, na ya kutendwa ingemfanya gogo. Tatizo la "nimeokoka" haliko katika mnyambuliko wake. Liko katika wakati wake. Kiambishi -me- kinatangaza kwamba jambo limekwisha, na anayeulizwa "Umeokoka lini?" hutazamiwa kutoa tarehe. Augustino, aliyeandika Maungamo miaka kumi na zaidi baada ya kuongoka, alitumia kurasa nyingi za kitabu cha kumi kuorodhesha vishawishi ambavyo vilikuwa vingali vikimsumbua akiwa askofu.

Sasa namrudia Rosa, maana ni kwa ajili yake nilianza. Jina lake ni mojawapo ya majina ya Bikira Maria katika litania, na Maria, kwa fundisho lililotangazwa na Kanisa Katoliki mwaka 1854, ndiye aliyekingiwa dhambi ya asili. Kezilahabi, aliyesoma seminari na aliyefariki mwaka 2020, hakulichagua jina hilo kwa kubahatisha. Wala si kwa kubahatisha kwamba mmojawapo wa wanaume wanaompotosha anaitwa Deogratias, jina ambalo ndani yake limo neno la Kilatini la neema. Mwandishi amemtwika msichana wa Ukerewe jina la asiyeweza kuanguka, akamtuma katika dunia ambamo neema iko katika jina la mtu tu.

Wahakiki wengi, na walimu wengi tukiwafuata, tumeisoma riwaya kuwa onyo juu ya malezi: Zakaria angelimlea bintiye kwa uwazi zaidi, Rosa asingalipotea. Usomaji huo una ushahidi, na mwandishi mwenyewe anauchochea. Ila ni usomaji wa Pelagius, nao una pengo ambalo Pelagius hakuliziba. Kama Rosa ni tunda la Zakaria, Zakaria ni tunda la nani? Ulevi wake na fimbo yake vilitoka wapi? Riwaya haitupeleki mbali katika malezi yake yeye. Hoja ya malezi ikifuatwa kwa uaminifu humrudisha msomaji nyuma kutoka baba hadi baba, na mwisho wa safari hiyo yupo mtu mmoja katika bustani. Mwanafunzi wangu wa pili, aliyelaumu mila za asili, alianza safari hiyo akachoka njiani. Lakini njia ilikuwa ndiyo.

Kinachomwua Rosa, nionavyo, si kuanguka. Katika riwaya hii kila mtu ameanguka: baba, wanaume, walimu. Anapofika mwisho amekwisha kujirudi, na anatazamia ndoa na Charles, yule ambaye barua yake ndiyo iliyomtia katika mapigo tangu mwanzo. Charles anamkataa kwa kuwa si bikira. Neno moja la msamaha lingalitosha, na halitamkwi. Hapo ndipo anapojiua. Jamii ya riwaya hii imelijifunza barabara fundisho la dhambi, imelipokea kutoka pande zote, kanisani na nyumbani. Fundisho la neema halikufika. Anayebaki amenyooshewa kidole ni Rosa peke yake, kana kwamba yeye ndiye aliyekuwa na asili na wengine walikuwa na tabia tu.

Kwa hiyo nina pendekezo la istilahi, nalo ni dogo. Wanateolojia wa Kilatini walitenganisha dhambi ya asili ianzishayo, yaani tendo la Adamu, na dhambi ya asili iliyoanzishwa, yaani hali wanayozaliwa nayo wanawe. Tendo tuliite dhambi ya mwanzo. Hali, tukiita "dhambi ya kurithi", tutafanana na Wajerumani wenye neno la namna hiyo. Lakini mtu wa pwani atatuuliza, na kwa haki, tangu lini mrithi hulipa deni la marehemu kutoka mfukoni mwake, maana sheria ya mirathi aijuayo hutoa deni katika mali iliyoachwa, na yakiisha hayo yameisha. Mimi ningependelea "jeraha la kuzaliwa nalo". Najua litaonekana jepesi kwa wenye kushika sana hatia, na mapadre wawili niliowaonyesha waliniambia hivyo. Lakini jeraha si kiungo, kama ugonjwa wa jicho usivyo jicho, na neno "asili" litabaki huru kuyataja maumbile ambayo Augustino, pamoja na ukali wake wote, hakukubali kamwe yaitwe mabaya.

Insha zile mbili ningali nazo. Ya kwanza niliipa alama tisa kati ya ishirini, ya pili nane. Wenyewe wamekwisha kuhitimu, na mmoja wao, nasikia, sasa anafundisha riwaya hiyo hiyo.